Mpe Mchongaji Kazi

Kila siku, katika nchi ya Wayoruba huko Nigeria, kutoka Lagos hadi Ekiti, yupo mtu anayeamua mlango wa mbele wa nyumba yake uweje. Kiwanja amekwisha kununua, ramani imetoka, kuta zimefika kwenye linta, na fundi anamuuliza: tuweke mlango gani? Jibu lake ndilo litakaloipa uhai sanaa ya karne nyingi, au kuinyima. Tumezoea kudhani kwamba urithi wa Wayoruba umeshikwa na wafalme, wizara na makumbusho. Umeshikwa na mwenye nyumba huyo, na padri anayejenga kanisa, na imamu anayepanua msikiti, na mkuu wa shule anayeongeza madarasa. Nakshi ya Kiyoruba haijawahi kukosa watu wa kuisifu. Inachokosa ni watu wa kuiagiza.

Kwa hiyo leo siombolezi. Naandika kukusukuma wewe unayejenga, au unayetarajia kujenga, au uliye kwenye kamati ya ujenzi na sauti yako inasikilizwa. Ukitaka urithi udumu, mpe mchongaji kazi. Mpe kazi mwashi anayejua kuufanya ukuta useme. Sifa hazimlishi fundi wala hazimsomeshi mwanafunzi wake. Kinachomlisha ni oda.

Mfalme aliyetoa oda

Twende Ikere, mji wa Ekiti, kusini-magharibi mwa Nigeria. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ogoga, mfalme wa mji huo, alitaka kupamba aafin yake, yaani kasri la mfalme. Alimwita Olowe, mchongaji aliyezaliwa Efon-Alaaye na kufanya kazi katika kasri la Arinjale, mfalme wa Ise. Kati ya 1910 na 1914 Olowe akamchongea mlango wa mabawa mawili pamoja na kizingiti cha juu, na pia nguzo za baraza.

Usogelee mlango huo. Kila bawa limegawanywa visanduku, kimoja juu ya kingine, na kila kisanduku kina watu wake. Upande mmoja mfalme ameketi kwenye kiti chake cha enzi. Upande wa pili ofisa wa Kiingereza, Kapteni Ambrose, anabebwa kwenye machela na wapagazi, anakuja kumwona mfalme. Kuna wake wa mfalme, walinzi, na watu waliojitwika mizigo. Sanamu hizo zimeinuka kutoka kwenye ubao hadi unadhani zitashuka uwanjani, na nyuma yao mbao zimejaa mistari ya nakshi, hakuna sehemu iliyoachwa tupu kwa uvivu. Olowe aliishi zama za ukoloni, na aliuchonga ukoloni wenyewe. Mgeni mwenye bunduki na bendera alimgeuza kuwa pambo katika mlango wa mfalme wa Kiyoruba. Ndivyo sanaa iliyo hai inavyofanya: inameza hata kile kilichokuja kuimeza.

Kisha itazame nguzo mojawapo ya baraza hilo. Mfalme ameketi, taji lake refu la shanga limekaliwa na ndege kileleni. Nyuma ya kiti amesimama mke wake mkuu, na huyo mama ni mkubwa kuliko mfalme, mrefu, imara, kifua mbele. Yeye ndiye aliyekuwa akimvika mfalme taji siku ya kutawazwa. Mgeni aliyeingia uani hakuhitaji kuhutubiwa juu ya nguvu za wanawake katika utawala wa Kiyoruba. Aliinua macho akaona. Nguzo ileile ilikuwa pambo, ilikuwa katiba, na ilikuwa somo la historia kwa mtoto aliyekuwa akicheza chini yake.

Mwaka 1924 mlango wa Ikere ulipelekwa kwenye maonyesho ya Dola ya Uingereza huko Wembley. British Museum ikautaka. Ogoga akaukabidhi kwa kubadilishana na kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza. Leo mlango uko London, na nguzo ya mfalme na mkewe iko Chicago, katika Art Institute.

Ni rahisi kuishia kwenye uchungu wa vitu hivyo kuwa mbali, na uchungu huo una haki yake. Lakini jiulize kwanza vilitoka wapi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vimeundwa kwa sababu mtu mmoja wa Ikere alikuwa na jengo, akatafuta fundi bora kuliko wote katika eneo lake, akampa muda, akampa chakula, akampa uhuru wa kubuni. Olowe bila ya Ogoga na Arinjale angebaki kijana mwenye kipaji. Hata vitu vyote vilivyochukuliwa vikirudishwa kesho asubuhi, vitarudi kama kumbukumbu za watu walioagiza. Wa kuagiza leo ni nani?

Hatua nne za gogo

Wachongaji wa Kiyoruba wana utaratibu wa kazi ambao mwanafunzi huujua kabla hajaruhusiwa kugusa kisu. Hatua ya kwanza ni ona lile: kwa shoka na tezo, gogo linakatwa hadi umbo kubwa lionekane, kichwa hapa, kiwiliwili pale, miguu chini. Ya pili ni aletunle, ambapo umbo linavunjwa zaidi, masikio yanajitenga na kichwa, mikono na kiwiliwili. Ya tatu ni didan, kulainisha, mpaka uso wa mti ung'ae chini ya makali ya chuma. Ya nne ni finfin: sasa kisu kidogo kinachora nywele zilizosukwa, chale za usoni, mishono ya nguo, ushanga mmoja mmoja.

Hatua ya kwanza ndiyo ya bwana mkubwa, kwa maana aliyekosea hapo hakuna kisu kitakachomwokoa baadaye. Mwanafunzi huanzia kwenye kulainisha na kuchora, anapanda kidogo kidogo kwa miaka, hadi siku anapokabidhiwa gogo zima. Sasa fikiri vizuri juu ya utaratibu huo. Elimu yake haikai kwenye karatasi. Inakaa kwenye mkono, na mkono haujifunzi bila gogo, na gogo haliletwi bila mteja. Mwaka mmoja usio na oda ni mwaka ambao mwanafunzi hakupanda ngazi. Kumi ya namna hiyo ikifuatana, bwana anazeeka na hakuna aliyefika hatua ya kwanza.

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli katikati ya karne ya 20. Wafalme walikuwa wamepungukiwa na mapato, mahekalu ya orisa, yaani miungu ya Kiyoruba, yalikuwa yakipoteza waumini, na kwa wengi dini mpya zilikuja na imani kwamba kila sanamu ni sanamu ya kuabudiwa. Ndipo mwaka 1947 mapadri wamishonari wa Kikatoliki walipofungua karakana Oye-Ekiti, akiwemo Padri Kevin Carroll. Walimchukua George Bandele, mwana wa mchongaji mashuhuri Areogun wa Osi, wakampa kazi ya kuchonga milango na sanamu za kanisa. Bandele akazichonga kwa mkono aliourithi kwa baba yake. Mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi wakatoka wamevaa Kiyoruba.

Mle karakanani akaingia kijana wa ukoo wa wachongaji kutoka Ila-Orangun, Lamidi Fakeye, akawa mwanafunzi wa Bandele. Fakeye alikuwa Mwislamu. Alichongea makanisa, alichongea wafalme, alichongea serikali, na alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, ambacho leo ni Obafemi Awolowo, hadi jina lake likatambuliwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa hazina hai ya binadamu. Alifariki 2009. Ukiwaunganisha Areogun, Bandele na Fakeye unapata mnyororo wa mikono mitatu, na pete iliyouzuia usikatike ni kazi iliyoagizwa na watu ambao hawakuwa hata wa imani ya jadi. Usiniambie basi kwamba dini yako inakuzuia. Mkatoliki aliagiza, Mwislamu akachonga, na Uyoruba ukapona.

Nakshi haina mti mmoja

Pengine unasema: mimi najenga kwa tofali na saruji, mambo ya magogo ni ya wafalme. Wayoruba wenyewe hawakufikiri hivyo. Walipamba kila walichojengea.

Mjini Ile-Ife, kati ya karne ya 12 na ya 15 hivi, walipamba hata sakafu. Vyungu vilivyovunjika havikutupwa. Vigae vyake vilisimamishwa kwa ukingo, kimoja kimoja, vikapangwa mshazari, safu moja ikiegemea huku na ya pili kule, na mahali pengine wakaingiza safu za kokoto nyeupe. Nyua na njia zikawa ngumu chini ya mvua, na nzuri chini ya jua. Masimulizi ya mji yanasema aliyeamuru kazi hiyo alikuwa mwanamke, Luwo, aliyekaa kwenye kiti cha Ooni, mfalme wa Ife. Taka ya jikoni iligeuzwa fahari ya mji kwa sababu mwenye mamlaka alisema ifanyike.

Mjini humohumo, kuta za hekalu la orisa Ikire huchorwa na wanawake. Wayoruba hugawa rangi katika makundi matatu: funfun, za weupe na ubaridi, pupa, za wekundu na joto, na dudu, za giza, ikiwamo buluu ya nili na kijani kilichokoza. Kwa makundi hayo wanawake hujaza ukuta wanyama, madoa na mistari. Mvua inaufua. Sikukuu inayofuata wanauchora upya. Ukutani hapo huenda usipate mchoro hata mmoja wa kale, na hata hivyo sanaa yenyewe ni ya kale. Ukitaka kujua maana ya kuhifadhi, jifunze kwa mama hao: kitu kinahifadhiwa kwa kufanywa tena.

Katika karne ya 19 walirudi Wayoruba waliokuwa wamechukuliwa watumwa Brazili na Kuba, na watoto wao. Walirudi na ufundi wa uashi na useremala, wakajenga mtaa wao katika kisiwa cha Lagos: nyumba za ghorofa zenye madirisha ya tao, maua ya lipu juu ya milango, na nguzo fupi za mapambo kwenye roshani. Msikiti wa Shitta-Bey, uliofunguliwa 1894, ulijengwa na mmoja wa mafundi hao, João Baptista da Costa. Muda si mrefu mtindo huo ulienea hadi Ijebu na Ibadan, na mafundi wa huko wakauongezea yao, wakaweka simba wa saruji juu ya malango na baraza. Watu walionyang'anywa kila kitu walirudi na kitu mikononi, na jambo la kwanza walilofanya nacho ni kupamba nyumba.

Saruji ikapata mabingwa wake Osogbo. Susanne Wenger, msanii wa Austria aliyefika Nigeria 1950 na kuingizwa katika ibada ya orisa kwa jina la Adunni, alianza na wenzake wa Kiyoruba kuukarabati msitu mtakatifu wa Osun uliokuwa ukivamiwa na kukatwa. Mkono wa saruji ulikuwa wa Adebisi Akanji, aliyekuwa mwashi. Mtu wa pima maji na mwiko, aliyezoea kupanga tofali, akapewa nafasi ya kubuni, akatoa kuta zenye matundu na watu waliofumwa kwa saruji, wapanda farasi, wapiga ngoma, wanyama. Kituo kimoja cha mafuta mjini Osogbo nacho kikapambwa kwa kuta zake. Naam, kituo cha mafuta! Mwaka 2005 msitu huo wa hekta 75 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kazi iliyoufikisha huko ilifanywa na mafundi ambao wengine wangewaajiri kupiga lipu tu.

Na tazama jinsi jengo na nguo zilivyozoea kuazimana. Ukumbi wa Mapo ulifunguliwa Ibadan mwaka 1929, juu ya kilima, na nguzo zake nene za mtindo wa Kizungu. Wanawake wa adire, wanaochora kitambaa kwa uji wa muhogo kwa unyoya wa kuku kisha kukichovya kwenye nili, wakazitazama nguzo hizo wakazichukua. Wakazipanga kwenye kitambaa, nguzo na vijiko, nguzo na vijiko, ikawa sehemu ya muundo uitwao Ibadandun, wa kuusifu mji wa Ibadan. Mkoloni alijenga ukumbi, akina mama wakaufanya wao. Ikiwa nguo ilichukua kutoka kwenye jengo, sasa ni zamu ya jengo kuchukua kutoka kwenye nguo. Kila muundo wa adire unasubiri kuwa ukuta wenye matundu, grili ya dirisha au geti.

Kinachotokea tusipoagiza

Asubiriye wengine walinde, atapata habari ya Jumapili tarehe 11 Septemba 2016. Siku hiyo Lagos iliipoteza Ilojo Bar, nyumba ya mtindo wa Kibrazili iliyokuwa imesimama Tinubu Square tangu 1855. Ilikuwa imetangazwa kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa tangu 1956. Sheria ilikuwepo, tangazo lilikuwepo, wataalamu walikuwa wakiizungumzia. Tingatinga likaingia, jengo likalala.

Tujifunze jambo kubwa hapo. Cheti hakishikilii ukuta. Kinachoushikilia ni watu kuona faida na fahari ya kuwa nao, na fahari hiyo hujengwa na mazoea. Mtoto aliyekulia mtaa ambao kila nyumba ina kitu kilichochongwa, au kuchorwa, au kufinyangwa, akikua na kuona tingatinga litaingia kwenye jengo la mababu zake, atapiga kelele. Mtoto aliyekulia mtaa wa kuta tupu na vioo vya buluu ataona kifusi tu. Kila nakshi mpya unayoiweka leo ni mlinzi wa nakshi ya zamani iliyobaki.

Visingizio vinne, na majibu yake

Gharama. Hakuna aliyekwambia uchonge nyumba nzima. Hata katika aafin, nakshi iliwekwa mahali penye uzito: mlango, nguzo za baraza, mahali mfalme anapokutana na watu. Chagua sehemu moja ambayo kila mgeni ataiona. Ukikosa uwezo wa mlango mzima, chonga ubao mmoja uuweke juu ya mlango wa kawaida. Ukikosa huo, mwombe seremala akutengenezee kalibu moja ya mbao yenye muundo wa Kiyoruba. Kalibu hiyo itazaa matofali ya matundu kadiri utakavyo, kwa saruji ileile uliyokwisha kununua. Hesabu fedha ulizotenga kwa vigae vya kuagizwa ng'ambo na dari za jipsamu, kisha umkumbuke mchongaji kwa sehemu yake.

Dini. Nimekwisha kukuonyesha Fakeye. Lakini kama sanamu za watu zinaikwaza nafsi yako, Wayoruba wana hazina isiyo na sura ya kiumbe chochote: misuko, mafundo yasiyo na mwanzo wala mwisho, mistari ya kuvunjika, miraba ndani ya miraba. Yote hayo yanakaa msikitini bila kumsumbua mtu.

Usasa. Wapo wanaoona nakshi ni mambo ya kijijini. Waende Onikan, Lagos, wakatazame kituo cha John Randle cha utamaduni na historia ya Wayoruba, kilichobuniwa na msanifu Seun Oduwole na kuzinduliwa Januari 2023. Kuta zake za rangi ya udongo zinapanda kutoka ardhini katikati ya jiji kubwa kabisa la Nigeria, na hakuna anayekiita cha kizamani. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice, tuzo ya Simba wa Dhahabu ya mafanikio ya maisha alipewa msanifu Demas Nwoko. Yeye si Myoruba, lakini kanisa lake la Wadominiko mjini Ibadan, ambalo mapambo yake hayatenganishwi na muundo, limesimama katika ardhi ya Wayoruba tangu miaka ya 1970. Dunia inatafuta hicho ambacho sisi tunakionea aibu.

Mafundi hawapo. Wapo. Wengine wanachonga vinyago vya watalii kwa sababu hakuna anayewaita kwenye saiti. Wengine wamebadili kazi. Waite uone watakavyorudi. Chanda chema huvikwa pete, na pete ya fundi ni malipo kamili, kwa wakati, na jina lake kuandikwa kwenye kazi yake.

Namna ya kuanza, kwa adabu

Usianze na picha za kwenye simu. Anza na mzee. Kila mji wa Kiyoruba una alama zake, na si kila alama ni ya kila mtu. Zamani kobi, ile baraza ya heshima inayochomoza mbele ya jengo, ilikuwa ishara ya mfalme na wakuu, mtu wa kawaida hakujijengea tu. Sura nyingine ni za orisa fulani na zina masharti yake. Kwa hiyo uliza kwenye kasri la mji wako, uliza ukoo wako una sifa gani katika oriki zake, yaani mashairi yake ya sifa. Kama babu zako walikuwa wawindaji, mpe mchongaji uwindaji. Kama bibi yako alikuwa mwanamke wa adire, weka nguzo na vijiko vyake kwenye grili ya dirisha. Nakshi inayokuhusu itakaa. Nakshi ya kunakili ovyo itakuchosha kabla rangi haijapauka.

Mwite mchongaji mapema, wakati ramani bado iko mezani, akae na msanifu na mwashi. Akiitwa nyumba ikiwa imekwisha, atapachika pambo. Akiitwa mwanzoni, atakuwa mmoja wa wajenzi. Zungumzeni mti, na mkubaliane unatoka wapi kihalali. Iroko, mti uleule ambao maseremala wa Tanzania, Kenya na Uganda wanauita mvule, ni imara lakini umekatwa sana. Mkichonga mmoja, pandeni. Nguzo isikae moja kwa moja ardhini, iwekeeni kitako cha zege mchwa wasipande, na paa litokeze vya kutosha mvua isiipige. Kisha mtu wa nyumbani apewe jukumu la kuipaka mafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na jambo moja ulikatae kabisa: usinunue nguzo wala mlango wa kale unaotembezwa na wachuuzi. Kila unapolipia kitu kilichong'olewa kwenye hekalu, unalipia hekalu la pili ling'olewe. Mwenye mapenzi na urithi huagiza kipya.

Msanifu majengo, peleka michoro yako mahali pa kazi pa mchongaji kabla ya kuipeleka kwa mteja. Mwalimu wa usanifu pale Ife, Akure au Lagos, wape wanafunzi wako kazi ya kuchora baraza moja la kale kwa vipimo kila muhula, kabla halijaanguka. Mwenye karakana ya kuchomelea mageti, acha kunakili maua ya katalogi. Mchukue binti wa adire akuchoree mistari. Serikali za majimbo mnaojenga mahakama, hospitali na stendi za mabasi, tengeni sehemu ya bajeti kwa mafundi wa nyumbani, kazi itangazwe na washindane. Wayoruba mlioko London, Houston na Bahia, mnaotuma fedha za kujenga nyumbani, fedha hizo ndizo zinazochora sura ya miji yenu leo. Zitumeni zikiwa na jina la mchongaji.

Na wewe msomaji wa mwambao wetu, usidhani umekuja kutazama tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na milango yake inajulikana kote. Lakini mkono unaochonga minyororo, maua na samaki kwenye mwimo wa mlango wa Kizanzibari unaishi kwa sheria ileile inayowaongoza wa Ekiti: una uhai kwa kadiri unavyopewa kazi. Mwacha mila ni mtumwa, na mila ya ujenzi huachwa kimya kimya, mlango mmoja baada ya mwingine, na watu wema wasiokuwa na nia mbaya yoyote.

Kwa hiyo tuache kusubiri. Ogoga hakusubiri wafadhili. Luwo hakusubiri semina. Akanji hakusubiri kuitwa msanii ndipo ashike saruji. Kila mmoja wao alikuwa na mahali pake, akaanza hapo na kile alichokuwa nacho. Wewe nawe una mahali pako, hata kama ni kibaraza cha nguzo mbili. Kabla hujalipa kwa mlango uliotengenezwa kiwandani, ulizia mchongaji aliye karibu nawe, nenda na vipimo vyako mkononi, zungumza naye bei kwa heshima, mlipe malipo ya kwanza, na umwambie aje na mwanafunzi wake. Fanya hivyo wiki hii.